Udongo wa Katanga na Tao la Zamani: Historia ya Kanisa Letu la Matofali



Siku ya jubilei ni siku ya kuhesabu. Tunahesabu miaka, waliobatizwa, waliofunga ndoa, na mapadri waliotutumikia na kwenda zao. Hesabu hiyo ni njema, na vitabu vya parokia vinaihifadhi. Lakini iko hesabu nyingine ambayo hakuna kitabu kinachoiandika: ni matofali mangapi yaliyo katika ukuta huu, na ni mikono ya nani iliyoyafinyanga? Kurasa hizi zinataka kusimulia historia ya kanisa letu la Watakatifu Petro na Paulo kwa kuanzia pale, yaani katika ukuta wenyewe. Mtu akiuangalia vizuri atajua kwamba kanisa hili ni la ukoo wa mbali sana, na hata hivyo ni mtoto halisi wa inchi hii.

KIJIJI CHA LISSEWEGE

Ili tufahamu umbo la kanisa letu, twende kwanza Ubelgiji, karibu na mji wa Bruges. Huko, katika uwanda tambarare unaopakana na bahari, kiko kijiji kidogo kinachoitwa Lissewege. Kijiji ni kidogo, lakini kanisa lake ni kubwa ajabu. Lilijengwa katika karne ya 13, na mnara wake una kimo cha karibu mita 50. Mnara huo hauna ncha. Juu yake ni bapa, kama kazi iliyosimama kabla ya kumalizika.

Kwa nini wakulima wa kijiji walijenga kanisa kubwa namna ile? Katika zama zile parokia ilikuwa maisha yote ya mtu. Mwaka 1215 Mtaguso Mkuu wa nne wa Laterano uliagiza kwamba kila mkristu aliyefikia umri wa akili aungame kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka, na apokee Ekaristi wakati wa Pasaka. Kwa agizo hilo kila mtu alikuwa na kanisa lake, na kila kanisa lilikuwa na watu wake. Hapo mtoto alibatizwa, hapo vijana walifunga ndoa, na kando ya ukuta wake wazee walizikwa. Kengele iliwaambia watu saa ya sala, saa ya kazi, na saa ya hatari. Mtu aliyetoka safari ya mbali aliuona mnara kabla ya kuona nyumba yake, naye alijua kwamba amefika kwao.

Lakini jambo linalotuhusu sisi zaidi ni hili: kanisa la Lissewege lilijengwa kwa matofali. Uwanda ule hauna mawe. Aliyetaka mawe alipaswa kuyaleta kwa mashua kutoka mbali, na kwa gharama kubwa. Ufundi wa kuchoma matofali, ambao Warumi wa kale waliujua, ulikuwa umefifia kwa karne nyingi katika sehemu zile, ukarudi katika karne ya 12 na ya 13. Watawa walikuwa na sehemu yao katika kazi hiyo. Karibu na Lissewege kulikuwa na monasteri ya Ter Doest, ya watawa Wasistersiani, na ghala lao kubwa la matofali lingali limesimama hata leo. Basi watu wa kijiji kile walichimba udongo chini ya miguu yao, wakaupiga katika kalibu, wakaukausha, wakauchoma, wakampa Mungu nyumba iliyotoka katika shamba lao wenyewe.

Tuliweke neno hili moyoni: walijenga kwa kile walichokuwa nacho.

KATANGA KATIKA KARNE ZILE ZILE

Watu wengine wanafikiri kwamba wakati Wazungu walipokuwa wakijenga makanisa hayo, inchi yetu ilikuwa imelala. Sivyo. Kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na wengine waliendelea na kazi hiyo baadaye. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ufundi mkubwa, mapambo ya shaba, na zana za chuma. Katika makaburi ya nyakati zilizofuata, kuanzia karne ya 13 na ya 14 hivi, walikuta misalaba midogo ya shaba iliyowekwa pamoja na wafu.

Misalaba hiyo haikuwa alama ya Kristu, kwa sababu Injili ilikuwa bado kufika huku. Ilikuwa mali na heshima, na baadaye ikawa feza ya kununulia. Hata hivyo mkristu wa Katanga hawezi kuitazama bila kutafakari. Katika zama zilezile ambamo wakulima wa Lissewege walikuwa wakichoma udongo wao, wazee wetu walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba.

Na tanuru zao za kuyeyushia shaba walizijenga kwa nini? Kwa udongo wa kichuguu. Kila mtu aliyetembea katika pori la Katanga anavijua vichuguu vyetu, vyenye kupita kimo cha nyumba. Mchwa wanachukua udongo laini wa chini, wanaupandisha na kuushikamanisha, hata unakuwa mgumu na wenye kuvumilia moto. Wafua shaba waliijua siri hiyo tangu zamani. Udongo huohuo ndio utakaorudi katika habari ya kanisa letu.

WABENEDIKTINI WANAFIKA

Karibu na Bruges, jirani na Lissewege, kulikuwa tangu mwaka 1100 hivi na monasteri ya Mtakatifu Andrea. Iliangamizwa wakati wa mapinduzi ya Wafaransa, mwisho wa karne ya 18. Miaka mia moja baadaye watawa Wabenediktini waliianzisha tena mahali pa karibu, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga kanisa lenye jina la Zevenkerken, maana yake makanisa saba, kwa ukumbusho wa basilika saba za Roma. Walichagua mtindo wa zamani sana, ule uliotangulia hata kanisa la Lissewege: kuta nene, madirisha madogo, na matao ya duara.

Kutoka monasteri hiyo walitumwa wamisionari wa kwanza wa Kibenediktini wa Katanga. Tarehe 5 Agosti 1910 Roma ilianzisha Prefektura ya Kitume ya Katanga, na kuiweka mikononi mwa Padri Jean-Félix de Hemptinne, mzaliwa wa mji wa Gand. Mwaka huohuo reli iliyotoka kusini ilifika hapa, na mji mpya wa Elisabethville ukaanza kupimwa katikati ya pori. Mwaka 1911 kiwanda cha Lubumbashi kilitoa shaba yake ya kwanza, na Wasalesiani wakafika kuwa wenzi katika kazi ya Injili na mashule.

Kwa hiyo mji, kiwanda na misioni vilizaliwa karibu siku moja, kama watoto wa tumbo moja. Jambo hilo lilileta baraka na pia majaribu, nasi tutalisema mbele kidogo.

Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo lilianza kujengwa mwaka 1920, kwa matofali. Mwaka 1932 Prefektura ikawa Vikarieti ya Kitume, na Padri de Hemptinne akapewa uaskofu. Tarehe 10 Novemba 1959, Papa Yohane wa 23 alipoweka majimbo kamili katika Kongo, Elisabethville likawa jimbo kuu, na kanisa letu likawa kathedrali ya Askofu Mkuu. Mwaka 1966 mji ukapata jina lake la leo, Lubumbashi.

NAMNA UKUTA UNAVYOSIMAMA

Wageni wetu wengi wanapita mbele ya kanisa la matofali bila kujiuliza namna gani linasimama. Tueleze kidogo, maana katika kazi hii kuna mafundisho.

Udongo mzuri wa tofali katika sehemu zetu ni ule wa kichuguu. Mafundi wanaubomoa, wanaulowesha kwa maji, wanaukanyaga kwa miguu mpaka unakuwa kama unga uliokandwa, kisha wanaupiga katika kalibu ya mbao. Tofali bichi linaanikwa kwanza kivulini, kwa sababu jua kali likilipiga siku ya kwanza linapasuka. Kazi hiyo ni ya kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa hivi. Mvua zikianza, matofali mabichi yanarudia kuwa matope. Yakiisha kukauka yanapangwa kama nyumba, na njia za moto zinaachwa chini. Kuni zinawashwa, na moto unalindwa usiku na mchana. Yaliyo karibu mno na moto yanaungua na kupindika. Yaliyo mbali yanabaki laini. Fundi mwenye akili anajua ya kutia katika ukuta na ya kutupa.

Sasa tao. Tofali ni hodari kubeba mzigo unaolikandamiza, lakini ukiliweka kama boriti juu ya mlango linavunjika. Ndiyo sababu watu wa kale walivumbua tao. Mwashi anatengeneza kwanza umbo la mbao, anapanga matofali juu yake kutoka pande mbili, hata yakutane katikati. Lile la katikati likiisha kutiwa na chokaa kukauka, mbao zinaondolewa, na tao linasimama lenyewe, kwa sababu kila tofali linamtegemea mwenzake na kumzuia asianguke. Uzito unashuka pande mbili hata kwenye nguzo na ukuta. Kwa hiyo ukuta unapaswa kuwa mnene. Makanisa ya Lissewege na mengi ya karne ya 13 yalitumia tao lenye ncha, ambalo linashusha uzito karibu wima na kuruhusu madirisha marefu. Tao la duara ni la zamani zaidi na zito zaidi, lakini katika inchi ya jua kali ukuta mnene wenye madirisha madogo una faida yake: ndani kunabaki kivuli na ubaridi.

Mtakatifu Petro katika barua yake aliwafananisha wakristu na mawe hai ya nyumba moja. Kama angaliishi Katanga, labda angalisema habari ya matofali ya tao: hakuna hata moja linalokaa juu kwa nguvu zake peke yake.

MJI ULIOGAWANYIKA

Hapa tunapaswa kusema ukweli, maana jubilei bila ukweli ni karamu tu.

Kanisa letu lilisimama katika mji wa Wazungu. Mwaka 1921 mtaa wa watu weusi, yaani cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, ulitengwa na mji ule kwa uwanja mtupu ulioitwa zone neutre. Mchana mtu mweusi alivuka uwanja huo kwenda kazini. Usiku alikatazwa kubaki ng'ambo. Basi wale waliopiga matofali, waliobeba chokaa na waliopanda juu ya mbao za ujenzi, jioni walirudi kwao. Kanisa walilolijenga lilikuwa katika mji wao, lakini mji haukuwa wao.

Kijijini Lissewege aliyechoma tofali alibatizwa chini ya tofali lile, akazikwa kandokando yake. Hapa kwetu tofali na mtu vilitengana. Hilo ndilo jeraha lililofichwa ndani ya ukuta huu mzuri.

Watu wa zamani walizoea kusema kwamba Serikali, Kampuni na Misioni ni wenzi watatu wa safari moja. Askofu de Hemptinne, mzee mrefu wa ndevu nyeupe, alikuwa mtu mwenye nguvu sana, aliyesikilizwa na wakubwa wa koloni, na mara nyingi sauti yake ilikubaliana na yao. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière walioomba mshahara wa kutosha, askari walipiga bunduki katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na watu wengi waliuawa. Kati ya waliokufa na waliolia walikuwamo wakristu, watu waliojua Baba Yetu kama sisi. Hatuwezi kuimba Te Deum ya jubilei bila kuwakumbuka.

Tuseme pia kwa haki yale mengine. Wamisionari haohao walifungua mashule, walitibu wagonjwa, walijifunza lugha zetu, na wengi walizikwa katika udongo huu. Askofu de Hemptinne mwenyewe mwaka 1926 aliandika juu ya ufundi wa wafua shaba wa Katanga, wale walioitwa walaji wa shaba, na hivi alihifadhi habari ambayo ingaliweza kupotea. Alifariki mwaka 1958. Mungu ndiye mwamuzi wa watumishi wake. Sisi kazi yetu ni kukumbuka yote mawili, mema na machungu.

KUTA ZINAJIFUNZA LUGHA YETU

Kidogo kidogo watu wa inchi waliingia katika nyumba waliyoijenga, si kwa miguu tu bali kwa sauti. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 huko Mpala kando ya ziwa Tanganyika, katika misioni ya kale ya Mapadri Weupe, alijifunza muziki wa Eklezya, kisha akatunga Missa Katanga, ambamo maneno ya Kilatini yanavaa sauti na mwendo wa kwetu. Kwaya ya vijana wa mji huu, iliyoongozwa na Padri Anschaire Lamoral, Mbenediktini, iliimba Misa hiyo. Na kwaya hiyo iliitwa kwa jina gani? Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Msalaba uleule wa makaburi ya Sanga ulipata sasa maana mpya, na karne zetu za kale zikaingia kanisani zikiimba.

Halafu ulikuja Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa pili. Konstitusio juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilifungua mlango wa lugha za watu, na mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya inchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire. Tao la Kizungu la zamani likasikia Kiswahili, ngoma na makofi, wala halikuanguka!

Mwaka 1967 Askofu Mkuu Eugène Kabanga Songasonga alishika uongozi wa jimbo, naye alikuwa Mkongomani wa kwanza katika kiti hicho. Miaka ile Serikali iliwakataza watu majina ya ubatizo, ikaifuta Noeli katika sikukuu za inchi. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Kabanga aliwaandikia wakristu barua ya kichungaji iliyotetea heshima ya mtu na kulaumu wizi na udhalimu uliokuwa ukiharibu inchi. Barua hiyo ilitambulikana kwa jina lake: «Mimi ni mtu». Tulinganishe nyakati. Zamani kiti cha askofu wa mji huu kilikaa karibu na wenye nguvu. Mwaka ule kilisimama upande wa mdogo. Matofali hayakubadilika, lakini nyumba ilikuwa imebadilika. Siku ile kanisa letu lilianza kweli kufanana na kanisa la kijiji cha Lissewege: nyumba ambayo mtu anaiona kwa mbali na kujua kwamba amefika kwao.

KAZI INAYOTUBAKIA

Sikukuu ya wasimamizi wetu Petro na Paulo inaangukia tarehe 29 Juni, usiku wa kuamkia siku ya uhuru wa inchi yetu. Kila mwaka tunatoka katika sikukuu moja na kuingia katika nyingine. Petro alifungwa minyororo, Paulo vilevile. Wote wawili wanajua maana ya kufunguliwa. Basi jubilei hii ituachie kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni ya ukuta. Katika parokia nyingi watu wanaona aibu juu ya matofali ya zamani, wanataka kuyafunika kwa simenti, rangi nzito au vigae ili kanisa lionekane jipya. Tusifanye hivyo kwa haraka. Tofali la kuchomwa linapumua: linanyonya maji ya mvua na kuyatoa tena wakati wa jua. Likifungwa kwa simenti ngumu, unyevu unabaki ndani, na uso wa tofali unamomonyoka taratibu nyuma ya lipu. Penye kuhitaji kutengenezwa, afadhali mchanga na chokaa, na fundi mwenye subira. Tusafishe mifereji ya paa kabla ya mvua za Novemba. Tuangalie pia mbao za paa, maana mchwa waliotupa udongo wa ukuta hawakuacha kupenda mbao!

Kazi ya pili ni ya majina. Majina ya maaskofu yako katika vitabu. Majina ya wapiga matofali, wachoma tanuru, wabeba maji na waashi hayapo katika jiwe lolote. Lakini wengi wao walikuwa na watoto, na watoto wana wajukuu, na labda wajukuu hao wanasoma kurasa hizi. Tunaomba kila jamaa yenye mzee aliyefanya kazi ya kujenga makanisa ya mji huu, hapa au Kamalondo, Kenya, Katuba na kwingineko, ilete jina lake kwa padri au kwa katekista, pamoja na neno lolote ambalo mzee aliliacha. Tuyaandike katika kitabu kimoja, na kitabu hicho kisomwe siku ya kuwaombea marehemu.

Wakulima wa Lissewege walijenga kwa kile walichokuwa nacho. Wazee wetu walitoa zaidi: walijenga nyumba ambayo bado hawakuweza kuiita yao. Leo sisi tunaketi ndani, katika kivuli cha kuta zao, na watoto wetu wanabatizwa chini ya matao waliyoyasimamisha. Deni hilo halilipwi kwa feza. Linalipwa kwa kumbukumbu, kwa haki kati yetu, na kwa mlango ulio wazi kwa kila mtu, hata yule anayetoka mbali na nguo za kazi.

Mungu Baba awapokee wajenzi wote, wenye majina na wasio na majina, katika nyumba ile ambayo haikujengwa kwa mikono. Watakatifu Petro na Paulo, mtuombee.